Ngao ya Nungunungu

Wanyama walipokuwa na muda wa kupoteza, walicheza mchezo wa kujifanya mashujaa, kwa vinyago vilivyopangwa mkekani na dadu ya kuleta maadui, na Kima, aliyeutunga, ndiye alikuwa mwamuzi. Nungunungu alicheza askari. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na ngao, apigwe yeye, ili Kicheche, aliyecheza mchawi, apate nafasi ya kumaliza maneno yake ya uchawi. Sifa zote alizizoa Kicheche.

Na bado hakutosheka. "Mwamuzi, ngao hii imezidi. Huyu hafi! Tulinganishe nguvu, bwana."

Kima hakuwahi kumkatalia mwenye domo, akaiondoa ngao.

Nungunungu alivimba kwa hasira hadi miiba ikamsimama. Bila ngao, askari wake angekufa kwa pigo la kwanza. "Na uchawi wake je, haujazidi?"

"Huo ndio utamu wa mchezo, dada," Kima akasema, akarusha dadu. Dadu ikaleta joka.

"Simama mbele, wewe!" Kicheche akabwata.

"Nilizuie kwa nini? Kwa matako?" Nungunungu akamsogeza askari wake pembeni.

Mchawi alikuwa bado kwenye neno la pili la uchawi, joka likammeza.

"Si haki! Mrudishie ngao, tuanze upya!"

Kima akanyoosha mkono airudishe. Nungunungu akamkata jicho, mkono ukarudi wenyewe.

"Thubutu! Ulitaka tulingane, tumelingana. Mimi sina ngao, wewe huna roho. Haya, toka mkekani, maiti haichezi."