Makofi kwa Torkel

Torkel alisimama kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu wenzake wakampigia makofi mpaka akakaa.

"Mwacheni, moyo umemjaa," alisema Jerker, fundi wa misumeno, akimsukumia sahani ya maandazi ya mdalasini. "Kesho atasema kwa bunduki."

Kibanda cha wawindaji kilinuka moshi wa kuni na soksi za sufu zilizoanikwa juu ya jiko. Watu wanane, meza moja, mlango mmoja. Ukutani, kando ya ramani ya msitu, ilitundikwa picha ya Tuva, mbwa wa Torkel, masikio wima, ulimi nje. Picha hiyo ilikuwa imezunguka mkoa mzima wa Värmland: kwenye magazeti, kwenye mikutano, juu ya kila barua ya malalamiko iliyopelekwa mkoani. Tuva, aliyeraruliwa na mbwa-mwitu.

Kwa zaidi ya miaka mia msitu ule haukuwa na mbwa-mwitu. Kisha wakarudi, wawili wawili, na sheria ikawalinda. Elgi, wale wanyama wakubwa wa pembe pana ambao kila nyumba ilitegemea nyama yao wakati wa baridi, wakaanza kupungua. Mtu akawa anafikiri mara mbili kabla ya kumfungulia mbwa wake.

"Watu wa Stockholm wanawapenda kwa sababu hawafugi hata kuku," Jerker alizoea kusema. "Tuwapelekee wawili watatu bustanini kwao, tuone hayo mapenzi."

Na sasa, kwa ajili ya Tuva, kibali kilikuwa kimetoka. Mbwa-mwitu watano, kuanzia kesho alfajiri.

Ila Tuva hakuuawa na mbwa-mwitu.

Torkel alikuwa peke yake msituni jioni ile ya Novemba, mwaka uliopita, ukungu umetanda mpaka miti ya karibu haikuonekana vizuri. Kitu cha kijivu kilichomoka kati ya misonobari kikija mbio kumwelekea. Alijua sheria. Alijua kwamba kuua mbwa-mwitu bila kibali ni jela. Akafyatua hivyo hivyo, na kile kitu kikalia kwa sauti aliyoizoea.

Alimwacha palepale chini ya mti, akarudi nyumbani akamwambia mkewe, Anneli, kwamba mbwa amepotea. Asubuhi kikosi kizima cha wawindaji kilitoka kumtafuta. Walimkuta ng'ambo ya kijito, karibu na mzoga wa elgi, ametafunwa vibaya. Mkaguzi wa mkoa akapima alama za meno, akaandika: mbwa-mwitu. Torkel akashukuru kimoyomoyo kwamba wanyama walimburuta wakamfichia siri yake.

Shukrani hiyo haikumaliza wiki. Dukani walimkumbatia. Walimletea mtoto wa mbwa, akamkataa, nao wakasema: mnaona jinsi alivyompenda Tuva? Kila alipofungua mdomo walimwonea huruma kabla neno halijatoka. Usingizi ukampotea.

"Nafasi ya kwanza kesho ni ya mkwe wangu," alisema Sixten, kiongozi wa kikosi na baba yake Anneli, akigonga ramani kwa kidole kinene. "Risasi ya kwanza ni yake. Kuna anayepinga?"

"Apinge nani?" alisema Jerker. "Labda mbwa-mwitu wenyewe."

Wakacheka. Anneli alipita nyuma yao akimimina kahawa, akamgusa mumewe begani.

Torkel akasimama tena. Safari hii hakuwapa nafasi ya kupiga makofi.

"Tuva nilimpiga mimi."

Kijiko kiligonga kikombe.

"Kwa bunduki yangu. Nilidhani ni mbwa-mwitu. Mbwa-mwitu walimkuta amekwisha kufa."

Alisubiri ngumi. Alisubiri tusi, au mtu ainuke akapige simu polisi. Ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile alivuta pumzi ikafika tumboni.

"Nishitakini, nimekubali," alisema. "Lakini kesho msiende kuua kwa ajili ya uongo wangu."

Jerker alikuwa akikoroga kahawa isiyo na sukari. Wengine walitazama meza. Sixten peke yake ndiye aliyeinua macho, nayo hayakuwa na hasira.

"Kaa, Torkel."

"Mzee, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Hata mlio wa bunduki yako niliusikia siku ile. Nilipofika ulikwisha ondoka. Mbwa amelala chini ya mti, ana tundu moja tu ubavuni." Sixten alimega andazi, akalitia kwenye kahawa. "Sasa wewe, mtu mzima, uliamini kweli kwamba alivuka kijito mwenyewe, akaenda kulala kwenye mzoga wao ili wakirudi kula wamkute?"

Torkel aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna hata aliyejifanya kushtuka.

"Mlijua," alisema. "Wote."

"Tulikungojea mwaka mzima utulie. Kesho saa kumi na moja, nafasi ya kwanza. Magazeti yatakuja kukupiga picha."

Torkel alichukua koti lake. Alibakiwa na mtu mmoja wa kuondoka naye.

"Anneli, vaa viatu. Twende nyumbani, tukapige simu polisi."

Anneli aliweka birika mezani taratibu. Alikwenda mpaka mlangoni, akauegemea kwa mgongo.

"Baba mgongo unamsumbua tangu zamani, Torkel," alisema. "Ulidhani alimvusha Tuva kijito peke yake?"