Jibu la Mzee Shomvi

Mize alipiga hodi nyumba arobaini, akiwauliza wavuta sigara wanaogopa nini. Aliamini kazi ile ni ya watu wa afya, kwani nani mwingine angetaka kujua habari za vikohozi? Jibu la Mzee Shomvi ndilo lililomgusa zaidi, akaliandika neno kwa neno: "Nikikohoa, mjukuu wangu ananikimbia. Kwa hilo tu, mwanangu, nitaacha."

Leo aliitwa ofisini kushukuriwa. Bosi akafunua kitambaa mezani, na chini yake palikuwa na pakiti mpya ya sigara, yenye jani la mnanaa na picha ya mtoto aliyemkumbatia babu yake shingoni. Imeandikwa: "Laini kooni. Mjukuu hakimbii tena."

Mize aliyasoma maneno yale mara mbili. "Kumbe nyinyi ndio mnaoziuza?"

"Sisi hasa," bosi alicheka. "Na maneno umetuletea wewe, dada! Haya, ya kwanza kabisa mpelekee mzee wako."

Watu wakapiga makofi. Mize alibaki amesimama na pakiti kiganjani, inanukia kama kinywa cha mtoto aliyetoka kupiga mswaki.