Mgongano Mmoja Umepatikana

Mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati ya kioo cha kompyuta, na Somo alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kama abiria wa gari lililokatika breki. Hakukuwa na namna ya kuusimamisha. Asubuhi alimwuliza fundi wa kompyuta, kwa utani utani, na yule dada akamjibu kwamba programu ikishaanza kulinganisha majina, hata yeye aliyeileta hana la kufanya.

Ofisi mbili za mawakili zilikuwa zinaungana. Ndogo ilikuwa ya mumewe, na humo Somo ndiye aliyetunza masjala. Kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Wakili hawezi kumtetea mtu huku mwenzake wa ofisi hiyo hiyo anamtetea hasimu wake, kwa hiyo kabla ya kutia saini majina yote ya pande mbili yalimwagwa kwenye chungu kimoja: wateja, mahasimu wao, mawakili wenyewe, hata jamaa zao wa karibu. Shauri likiwa na jina linalojitokeza huku na huku, huo ni mgongano, na mgongano lazima usomwe na mwenye ofisi.

Mwenye ofisi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Somo, akinywa chai.

Hakuwa mume wa kushtakiwa kwa wazee. Hakupiga, hakulewa. Ila alimleta kazini na kumrudisha nyumbani kwa gari lile lile, akamjibia maswali aliyoulizwa yeye, na kila Somo alipoomba kwenda kumtembelea dada yake aliambiwa "tutaona", na hakuna kilichowahi kuonekana. Nyumbani waliwangoja wakwe. Baba mkwe aliketi sebuleni na kuitisha maji kwa kugonga kijiko kwenye glasi. Mama mkwe alisimama dirishani kila geti lilipolia, kuangalia nani anatoka. Huyo ndiye aliyeanza kumwita Somo, tangu siku alipotajiwa jina la bi harusi akakuta wameitwa sawa, na nyumba nzima ikafuata, kisha ofisi nzima.

Somo alichoka. Alichoka mpaka akawa anaishiwa pumzi akiwa ameketi tu. Ndiyo maana siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, alivuka barabara, akapanda ngazi, na kumwambia wakili wa kike wa ofisi ile kubwa maneno ambayo hakuwahi kuyatamka hata akiwa peke yake bafuni. Anataka talaka.

Aliposhuka, uso kwa uso na mama mkwe, pale pale kwenye ngazi.

"Umefuata nini huku, somo?"

"Daktari wa meno, Mama. Yuko ghorofa ya juu."

Mama mkwe alimtazama kitambo. "Pole," alisema, akajitanda mtandio wake vizuri, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Kimya hicho ndicho kilichomkosesha Somo usingizi. Aliamini mkwe wake amemwekea kiporo, na siku yoyote atakipasha moto.

Habari za muungano zilipotoka, wakili yule alimtafuta kwa simu ya masjala. Alimwomba radhi. Hataweza tena kumtetea, maana sasa atakuwa ofisi moja na mumewe, na karatasi zake ameshazichana. Somo akamwuliza kuhusu jina. Wakili akasita. Hakuwa na hakika kama mhudumu wa mapokezi alikwisha kuliingiza kwenye kompyuta, na kompyuta zenyewe zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa mafundi. Basi Somo alibaki amebanwa huku na huku. Mlango wa kutokea umefungwa, na huenda nyayo zake zimebaki kizingitini.

Mstari ulijaa. Kioo kilipepesa, kisha maandishi yakatokea: mgongano mmoja umepatikana.

"Mmoja tu," mumewe alisema, amefurahi. "Fungua tuuone."

Somo aliushika tena ukingo wa meza. Mumewe akainama juu ya bega lake, akabonyeza mwenyewe. Jina likatokea, la kwanza na la ukoo wa mumewe, herufi kwa herufi, kama alivyolitia saini ng'ambo ya barabara. Kando yake paliandikwa mteja. Chini yake, shauri la talaka.

Kikombe kilibaki hewani. Mumewe alisoma, akarudia kusoma, midomo ikicheza bila sauti.

"Hili jina..." alianza.

Somo hakumwacha amalize. Kama ni kunaswa, afadhali anaswe akiwa amesimama. Alipiga moyo konde, akainuka, akamgeukia.

"Ndiyo, ni mimi. Nilivuka barabara kwa miguu yangu mwenyewe. Sina mwanamume mwingine, wala hujanipiga. Nimechoka tu kuwa mzigo wa kupakiwa asubuhi na kushushwa jioni. Mama alinikuta kwenye ngazi, muulize. Nataka talaka, na hata ofisi zote za mji huu zikiungana, nitaitafuta."

Alingoja ngurumo. Kifuani alisikia wepesi, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na hakujuta.

Mumewe hakumtazama. Alikuwa ameteremsha ukurasa hadi mwisho, na kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

"Somo," alisema polepole, "anayedaiwa talaka hapa ni Baba."