Tundu au Msumeno

"Mfupa wa kifua unakatwa kwa msumeno," daktari wa moyo alisema, na shati la mume likazidi kulowa, utadhani mvua imemnyeshea yeye peke yake mle chumbani.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, mkono kifuani, midomo imemkauka. Mkewe, mkoba mapajani, alikuwa akipiga miayo. Muuguzi aliwatazama wote wawili, akamletea mume maji.

"Pole, baba. Kunywa."

"Hiyo ndiyo njia ya zamani." Daktari naye alikuwa hoi, aliongea huku akijikanda shingo. "Tunafungua kifua, tunaazima mshipa mwingine, tunaupachika ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Kisha mfupa tunaufunga kwa waya. Njia ya pili ni tundu dogo kati ya mbavu. Hakuna msumeno. Mshipa ulioziba ni mmoja, na unafikika. Njia zote mbili zinafaa, uamuzi ni wenu."

"Tundu!" mume alidakia. "Hapasuliwi mtu kama gogo hapa!"

"Huyu akiona sindano tu humwita mama yake," mke alisema. "Na mama mwenyewe hawezi hata kujigeuza kitandani."

Muuguzi aligeukia ukutani kuficha kicheko.

Mume hakucheka. Mawazo yalikuwa nyumbani: mama wa kunyanyuliwa asubuhi na jioni, watoto wa kuogeshwa, maji ya kupandishwa ngazi kwa ndoo mpaka ghorofani. Nani angeyabeba yote hayo?

"Mtu akitobolewa hilo tundu, anarudi kwenye shughuli zake lini?"

"Wiki chache tu. Zote, kama kawaida."

"Umesikia?" Alimgeukia mkewe, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kama kawaida!"

"Nimesikia." Mke alifumba macho kidogo. "Na aliyekatwa kwa msumeno?"

"Huyo lazima mfupa uunge. Miezi mitatu hanyanyui kitu. Hasukumi, havuti, hafui."

"Hata ndoo?"

"Hata sufuria iliyojaa."

"Na mtu mzima asiyejigeuza?"

"Huyo ndiyo kabisa! Asimguse."

"Na maneno hayo utayarudia mbele ya watu wa nyumbani, ndugu zake na wifi zangu, wote wasikie?"

"Nitayarudia, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Tundu," mume alisema tena.

Mke alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda kilichotandikwa. Akavua bangili zake moja baada ya nyingine, akazimimina kwenye kiganja cha mumewe kilichojaa jasho.

"Leta msumeno, daktari. Nipasue."