Taa ya Benki ya Mtama

Enzi zile wanyama walipokuwa na benki ya mtama, karani Kobe alitundika taa kali ukutani ili wezi waogope. Mwanga ukapiga moja kwa moja kwenye kiota cha jirani yake, Bi Bundi, anayewinda panya gizani. Sasa panya wakawa wanamwona angali mbali, na makinda wake wawili wakalala njaa.

"Karani, izime basi. Wanangu wanakufa."

"Lete barua ya mjumbe, mama, yenye muhuri."

Akaileta.

"Muhuri huu mweusi. Sisi tunapokea wa zambarau."

Alipopata wa zambarau, mjumbe alikuwa amesahau tarehe. Bundi akarudi kiotani, akakuta kinda mmoja amekufa. Akambeba aliyebaki, akahamia ng'ambo ya mto.

Panya wakaingia benki, taa ikiwamulikia vizuri, wakala mtama wote, wakamalizia na mafaili. Kobe akavuka mto akihema.

"Bi Bundi, rudi utuokoe. Taa tumeshaizima."

Bundi akamtazama juu mpaka chini.

"Lete barua ya mjumbe inayosema mna panya. Na tarehe asisahau."

Kisha akamgeukia mwanawe, akammegea kipande cha panya.