Uzi wa Helikopta

Mkanda wa tatu ulipoanza kuzunguka, Decha alivipa viti mgongo. Helikopta ilikuwa inakuja.

Kwenye sehemu ya kwanza ya "Panga la Mpakani" helikopta ilikuwa ya kweli, na nchi nzima ilisimama kuishangilia. Sehemu ya pili aliitengeneza Decha kwa mfuko uliotoboka. Helikopta yake ni ya plastiki, na uzi unaoining'iniza unaonekana. Kule Udon watu walipiga kelele, "Kata uzi!" wakatoka wote. Kule Khorat uzi waliuvumilia, lakini hawakufika mwisho.

Alikuwa ameshaapa. Akikimbiwa na hawa pia, anaiacha sinema, anarudi kulima mpunga.

"Mzee Thongsuk," alimnong'oneza mwendesha projekta, "hapa paruke, tafadhali."

"Thubutu! Mama Lamyai kasema picha nzima."

Mama Lamyai ndiye aliyeagiza onyesho. Alimfuata Decha mpaka Bangkok. "Ile ya kwanza iliishia shujaa anatumbukia mtoni," alimwambia. "Mwanangu alikuwa ananiuliza kila siku: mama, alipona? Na nyie ya pili mkaichelewesha. Niletee, aione yeye na majirani zake."

"Mama, picha yenyewe mbovu. Watu wanaondoka."

"Hawa hawaondoki."

Helikopta ikatokea, uzi wake ukimetameta. Decha akafumba macho. Akangoja vicheko, akangoja viti kuburutwa. Akasikia vyura tu.

"Wameondoka?"

"Hebu tulia, bwana. Tazama picha yako."

Akaja shujaa, uso mzima umefungwa bendeji, maana nyota wa sehemu ya kwanza alikataa kurudi na nafasi yake akapewa mdogo wake. Hapo ndipo Khorat walipoanza kurusha chupa. Decha alijikunyata, roho mkononi. Hakuna aliyerusha kitu. Shujaa akapona, akalipiza kisasi, majina yakapanda mpaka la mwisho.

Hakuna aliyeinuka. Decha aliona fahari mpaka machozi yakamtoka.

Mama Lamyai akapiga magoti mbele ya kiti cha kwanza. "Umeona, mwanangu? Alipona," akasema, akachomoa kijiti cha udi kilichokwisha kuungua. Mzee Thongsuk akaanza kuvikunja viti vyote arobaini, vitupu, akivitoa kimoja kimoja kwa uangalifu asije akakanyaga kaburi la mtu.