Mapigo Matatu Ukutani

Pigo la kwanza lililikuta lori likiwa katikati ya daraja.

Binti alikuwa amefanya kama afanyavyo kila jioni: amevua viatu, amebandika birika, amewasha kompyuta aliyoachiwa na kaka yake. Sasa alikuwa mchezoni, anaendesha lori la shehena ya mbao kwenye skrini, akipita milima ambayo hajawahi kuiona. Feni ya kompyuta ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kunguruma.

Ngo! ukutani. Kimya. Ngo! Kimya kingine. Ngo! Kisha basi.

Aliruka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Akazima kompyuta, akabana pumzi. Birika lilipoanza kupiga mluzi, akalikimbilia nalo kulinyamazisha.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza katika jengo lile, na tayari alikuwa amemuudhi jirani.

Hakuwa na mtu mwingine wa kumuudhi. Kaka yake alikuwa amehamia mbali kikazi, na simu zake zilizidi kuwa fupi. Kazini, kwenye kliniki ya meno, aliandikisha wagonjwa. Watu aliozungumza nao kutwa nzima walikuwa wameshika mashavu na kumjibu kwa kichwa. Chumbani kwake hakuna mgeni aliyewahi kukanyaga. Kilichobaki ni lile lori, na hata humo kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Jirani mwenyewe alimjua kwa ndala tu. Pea moja ya kahawia, nje ya mlango wa pili, ambayo hakuwahi kuona viatu vingine kando yake. Mara nyingi sana zilikuwepo, na zikiwepo, binti alipita kwa ncha za vidole.

Mapigo hayakukoma. Kila jioni feni ikipanda tu, matatu, kamwe si manne. Akapunguza ubora wa picha za mchezo ili feni isihangaike, mpaka miti ya njiani ikawa maboksi ya kijani. Akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akafuta krimu ya kupoza joto iliyokauka juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na kupaka mpya. Akaning'iniza blanketi ukutani. Bado: ngo, ngo, ngo.

Miezi saba ilipita hivyo. Mwishowe akaibeba kompyuta kwa fundi, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Ukicheza, joto la prosesa linafika ngapi?" fundi aliuliza.

"Sabini na mbili."

"Picha zinakwamakwama? Inajizima yenyewe?"

"Hapana."

Fundi akarudisha bisibisi mfukoni. "Dada yangu, hapa unampeleka hospitali mtu anayekula akashiba. Ikikaa kwenye tisini, au ikikuzimikia katikati ya mchezo, hapo njoo tuitafutie kipoza joto cha maana. Kwani nani analalamika, kompyuta au wewe?"

"Jirani."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anagonga ukuta."

"Na wewe hujamuuliza?"

Binti akaisogeza kompyuta karibu na fundi. Fundi akaguna, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu na kushusha boksi.

"Haya. Dude lenyewe hili hapa, kubwa kama tofali, na feni zake hata uzitegee sikio huzisikii. Lakini usije ukasema ni mimi niliyekwambia inaumwa."

Jioni ile lori lilivuka daraja kimya kimya. Joto, hamsini na tano. Binti akaondoa mikono kwenye kibodi, akasubiri. Ukuta haukusema kitu.

Akacheka peke yake.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu akarudisha ubora wa picha, na miti ikaota majani. Hakujua kuwa ilikuwa mizuri kiasi kile. Siku ya nne aliegesha lori kando ya barabara bila sababu, na ndipo alipogundua kwamba ameinamisha kichwa upande wa ukuta. Akajiona mjinga. Nani hutamani kufokewa? Hata hivyo, birika lilipopiga mluzi, aliliacha lipige muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku ya sita, mlango wake ulitikisika.

Alifungua. Mbele yake alisimama mama mtu mzima, ameegemea fremu ya mlango, anahema. Alikuwa amevaa ndala za kahawia, ya kulia kwenye mguu wa kushoto.

"Upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Yule mama alimkagua toka utosini hadi miguuni, kisha akamkagua tena. "Siku sita silisikii lile linalonguruma. Nikasema, mtoto wa watu ameanguka humo ndani, na mimi niko hapa hapa nimekaa."

Maneno ambayo binti alikuwa ameyafanyia mazoezi kwa miezi saba yalimtoka yote kwa mkupuo. "Nisamehe, mama. Nimeshaweka feni nyingine. Kelele hutazisikia tena, wala hutapata tena taabu ya kugonga ukuta."

"Taabu?"

Mama aliugeuza mkono wake, akavitazama vifundo vya vidole. Alianza kucheka, cheko dogo la aibu, lakini halikufika mbali.

"Mwanangu," alisema, "ile ilikuwa hodi."